Dragon ya Sisilia inapovunjika: dalili, chanzo na marekebisho

Dragon ni ulinzi wa nyeusi kwenye sataranji, tawi la Sisilia (1.e4 c5), na anayeucheza hushindwa kwa sura moja inayojulikana. Safu ya h inafunguka, malkia mweupe anatua h6, mfalme mweusi anatazama f8 na kuona hata huko hapakaliki. Kwa sababu maumivu yako upande huo, mchezaji akikagua mchezo wake baadaye huanzia huko huko: ningesogeza h5 mapema, ningemhamisha mfalme, ningemrudisha farasi kulinda. Ninavyoona mimi, ukaguzi huo unaanzia mahali pasipo. Katika michezo mingi ya Dragon iliyovunjika, dalili inaonekana kwa mfalme lakini chanzo kiko safu ya c, hatua tano au sita nyuma, pale nyeusi ilipochelewa kugonga. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na karibu kila dalili itakurudisha kwenye safu hiyo.

Herufi ninazotumia ni zile zile za kwenye programu za sataranji: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Vitunda havina herufi. Alama ya x ni kula, + ni cheki, ! ni hatua nzuri, O-O ni kumficha mfalme upande mfupi (wa h) na O-O-O upande mrefu (wa a); nukta tatu mbele ya hatua zinaonesha ni hatua ya nyeusi.

Msingi ninaouzungumzia ni huu: 1.e4 c5 2.Nf3 d6 3.d4 cxd4 4.Nxd4 Nf6 5.Nc3 g6. Askofu mweusi anakwenda g7 na kutazama mshazari mrefu mpaka a1. Jibu kali kuliko yote ni Shambulizi la Yugoslavia: 6.Be3 Bg7 7.f3 Nc6 8.Qd2 O-O 9.Bc4, kisha nyeupe inamficha mfalme wake upande mrefu na kuanza kusukuma kitunda cha h. Wafalme wanakaa pande tofauti, kila mmoja anavunjiwa nyumba yake, na anayefika kwanza ndiye anayeshinda. Panga ubao mbele yako kabla ya kuendelea, maana bila ubao nusu ya haya yatapita hewani.

Dalili: umepoteza kete kabla hata ya hatua ya kumi

Hii ndiyo rahisi kutibu, nayo ina vyanzo viwili vinavyojirudia.

Cha kwanza ni tamaa ya kumfukuza askofu wa e3. Nyeupe imecheza 6.Be3, na wewe unaona farasi wako anaweza kuruka g4 kumgonga. Usiruke. 6...Ng4 inajibiwa 7.Bb5+. Ukiziba kwa 7...Bd7, malkia anamla farasi wa g4 bure, kwa sababu askofu wako wa d7 amebanwa mbele ya mfalme na hawezi kumla malkia. Ukiziba kwa farasi wa b8 kwenda d7, farasi huyo anamzibia njia askofu wa c8, na Qxg4 inabaki bure vile vile. Ukijaribu 7...Nc6, nyeupe inacheza 8.Nxc6 bxc6 9.Bxc6+ na sasa ngome yako ya a8 nayo iko hatarini. Ruka ya g4 inakuwa salama pale tu cheki ya b5 inapokuwa haina makali, na katika hatua ya sita bado inayo yote.

Cha pili ni mstari wa 6.f4. Wengi hucheza 6...Bg7 kwa mazoea, na nyeupe inasukuma 7.e5. Sasa angalia kwa makini: 7...dxe5 8.fxe5 Ng4 inaonekana ya kawaida kabisa, farasi anakimbia na kutishia kitunda. Inafuata 9.Bb5+. Ukisogea 9...Kf8, farasi wa d4 anaruka 10.Ne6+ akigonga mfalme na malkia kwa pamoja, na ukimla kwa kitunda cha f au kwa askofu, safu ya d imebaki wazi na malkia wako wa d8 analiwa kwa cheki. Ukiziba kwa 9...Bd7, ni habari ile ile ya juu, Qxg4. Tiba ni kutocheza 6...Bg7 mapema. Jibu 6.f4 kwa 6...Nc6 au 6...Nbd7, ili mraba wa e5 uwe na mlinzi kabla kitunda hakijasukumwa.

Ukiona michezo yako inavunjika hapa, usinunue kozi wala usibadilishe ulinzi. Kariri hayo mawili, mengine yatakuja.

Dalili: safu ya h imefunguka na hakuna ulichokwisha kufanya

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nitakaa zaidi.

Chukua mchezo wako ulioshindwa. Tafuta hatua ambayo nyeupe ilicheza h5. Simama hapo, usiangalie mbele. Jiulize maswali matatu. Je, ngome yangu iko c8? Je, farasi wangu amekwisha pita e5 na kutua c4, au ameshabadilishwa hapo? Je, yule askofu mweupe aliyetoka c4 kurudi b3 bado yu hai? Kama majibu ni hapana, hapana, na ndiyo, basi mchezo ulikuwa umekwisha kabla ya h5. Hicho kitunda kimekuja kukusanya deni tu.

Hesabu mbio zenyewe. Tuseme mmecheza 9.Bc4 Bd7 10.O-O-O Rc8 11.Bb3 Ne5 12.h4. Nyeupe inahitaji h5, kubadilishana kwenye g6, Bh6, kumwondoa askofu wa g7, kisha malkia kuingia h6. Wewe unahitaji Nc4, kurudisha kwa Rxc4, Qa5, ngome ya pili kuja c8, na pigo kwenye c3. Mnakaribiana sana. Ukitumia hatua moja tu kwa jambo lisilohusu mbio hizi, umepitwa.

Hatua hizo zinazoibiwa zina majina. 

...a6 ni ya kwanza. Wanaotoka kwenye Najdorf, tawi jingine la Sisilia, huiweka bila kufikiri, kwa sababu kule ni hatua ya lazima. Kwenye Dragon dhidi ya Yugoslavia, mara nyingi hailindi chochote kilichotishiwa.

...Qc7 ni ya pili. Malkia anasimama mbele ya ngome yake mwenyewe kwenye safu ile ile unayotaka kuitumia, na farasi mweupe akiruka d5 anamgonga. Malkia wa Dragon kazi yake iko a5, au anabaki d8 akingoja.

...Kh8 ni ya tatu, nayo ni hatua ya hofu. Mfalme anasogea kwenye safu ile ile inayokwenda kufunguliwa.

Ya nne ni kubadilisha farasi kwenye d4 bila mpango. Ukicheza ...Nxd4 na nyeupe ikirudisha Bxd4, umemweka askofu wake mbele ya askofu wako, na farasi aliyekuwa aende e5 kumsumbua askofu wa b3 hayupo tena. Kubadilishana huko kuna uhai mahali pamoja ninapopaheshimu sana: 11...Nxd4 12.Bxd4 b5, mstari unaoitwa kwa jina la Topalov. Lakini kumbuka kitu kinachoupa uhai, ni ile ...b5 inayofuata papo hapo, na vitunda vinavyokwenda kumkaba askofu wa b3. Bila ...b5, umesafisha tu njia ya mpinzani.

Marekebisho yapo ya aina mbili, nawe uchague moja uijue vizuri.

Njia ya kwanza ni kukizuia kitunda chenyewe. Baada ya 12.h4 unacheza 12...h5, tawi linalobeba jina la Mmarekani Andrew Soltis. Nyeupe haiwezi tena kupita kwa h5 na inalazimika kutoa kitunda cha g, 13.g4, au kujipanga kwa 13.Bg5, ambako jibu ni 13...Rc5. Hatua hiyo ya ngome inashangaza wageni. Inakaa mstari wa tano kulinda miraba ya katikati na ya upande wa mfalme, na iko tayari kutolewa kwa farasi au askofu wakati wowote. Kwa mchezaji wa klabu, hii ndiyo njia ninayoipendekeza, kwa sababu inapunguza kasi ya nyeupe na kukupa nafasi ya kufikiri.

Njia ya pili ni kukimbia mbio kamili: 12...Nc4 13.Bxc4 Rxc4 14.h5 Nxh5 15.g4 Nf6. Umepata kitunda, umemwondoa askofu wa hatari, ngome yako iko c4. Nyeupe imepata safu ya h. Sasa kila hatua ina uzito wa mchezo mzima, na hapa ndipo lazima tuangalie mchezo mmoja kwa karibu.

Mchezo wa kukagulia: Karpov na Korchnoi, Moscow 1974

Ulikuwa mchezo wa pili wa fainali ya wagombea, ile ya kumpata mpinzani wa bingwa wa dunia. Karpov alishinda fainali hiyo kwa pointi 12.5 dhidi ya 11.5, na mwaka 1975 akawa bingwa wa dunia baada ya Fischer kutotetea taji. Korchnoi alichagua Dragon, na wakafika hasa pale tulipoishia, baada ya 15...Nf6.

Mtu mwenye haraka angecheza 16.Bh6 hapo hapo. Ndiyo hatua inayokuja mkononi, na kwa nyeusi ni zawadi: 16...Nxe4! na ikiwa 17.Qe3 basi 17...Rxc3. Farasi wa c3 hakuwa na ulinzi wa kutosha, na safu ya c imefanya kazi yake.

Karpov alicheza 16.Nde2. Farasi anarudi nyuma kutoka katikati ya ubao, katikati ya shambulizi, ili tu amlinde mwenzake wa c3. Mimi naihesabu kuwa hatua muhimu kuliko zote katika mchezo huu. Nyeupe imetambua kwamba shambulizi lake la upande wa h linategemea mraba wa c3, ikaenda kuuziba kabla ya kuendelea.

Korchnoi akajibu 16...Qa5. Ikafuata 17.Bh6 Bxh6 18.Qxh6. Kwa nini nyeusi ilikubali kubadilisha askofu wake wa thamani? Kwa sababu ngome bado ilikuwa f8. Kama angerudi 17...Bh8, askofu mweupe angeila ngome hiyo. Hapa ndipo penye chanzo cha kuvunjika: ngome ya f8 haikuwa imeondoka. Marekebisho yanayojulikana leo ni 16...Re8 badala ya 16...Qa5, ili Bh6 ijibiwe Bh8 na askofu wa mshazari mrefu abaki hai.

Baada ya 18...Rfc8 ngome mbili nyeusi zimepangana kwenye safu ya c, lakini Karpov akacheza 19.Rd3. Sasa c3 ina walinzi wa kutosha hata bila farasi wa e2, na huyo farasi ameachiliwa kwenda upande wa mfalme. Nyeusi ikaweka 19...R4c5 kuzuia Nd5. Kisha 20.g5! Rxg5 21.Rd5! Rxd5 22.Nxd5, na mraba wa d5 ambao nyeusi iliulinda umevunjwa kwa nguvu. Nyeusi haiwezi kumla farasi huyo: 22...Nxd5 23.Qxh7+ Kf8 24.Qh8 na mfalme amefungwa. Ikawa 22...Re8 23.Nef4 Bc6.

Simama hapa, uangalie 24.e5. Kama nyeupe ingecheza mara moja 24.Nxf6+ exf6 25.Nh5, malkia mweusi angeruka kutoka a5 mpaka g5 kwa cheki na kujiokoa. Kitunda cha e5 kinaufunga mstari wa tano, na malkia wa a5 anabaki mtazamaji. Ukikila, 24...dxe5, ndipo 25.Nxf6+ exf6 26.Nh5 gxh5 27.Rg1+ Kh8 28.Qg7 na mchezo umekwisha. Korchnoi alijaribu 24...Bxd5 25.exf6 exf6 26.Qxh7+ Kf8 27.Qh8+ akaacha. Baada ya 27...Ke7 inakuja 28.Nxd5+, malkia analazimika kumla farasi, na 29.Re1+ inamaliza.

Uucheze mchezo huu kwa mikono, si kwa kuutazama tu. Hatua ya 16 na ya 19 za nyeupe zote mbili ni hatua za kulinda c3. Mfalme mweusi aliuawa kwenye safu ya h, ila safu ya c ndiyo iliyofungwa kwanza.

Dalili: askofu wa g7 ametoweka na mfalme amebaki uchi

Nimeshaigusa hapo juu, lakini inastahili kutajwa peke yake kwa sababu ni ya kila siku. Nyeupe inacheza Bh6 na wewe unabadilisha kwa sababu unaona huna la kufanya.

Una mambo matatu ya kufanya. Kama ngome ya f8 imeshahama kwenda e8 au c8, mrudishe askofu h8 na mbio ziendelee. Kama haijahama, angalia kama unaweza kuiacha iliwe: mara nyingi askofu wa g7 ana thamani kuliko ngome iliyokaa f8 bila kazi, hasa kama vitunda vinavyomzunguka mfalme mweupe vimeshavunjika. Na kama umelazimika kubadilisha, tazama malkia mweupe alipotua. Akiwa h6 ameacha d2, na pale d2 ndipo alipokuwa akiilinda c3. Huo ndio wakati wa kugonga ...Rxc3. Ukikosa wakati huo kwa hatua moja, hauji tena.

Dalili: umetoa ngome kwenye c3 na hukupata kitu

Kafara ya ...Rxc3 imewapa watu furaha nyingi kiasi kwamba wengine huifanya kama ibada. Ina masharti.

Mfalme mweupe awe upande mrefu. Akiwa g1, vitunda vilivyoharibika vya c2 na c3 havimuumizi, na umetoa ngome kwa farasi kwa hasara.

Nyeupe ilazimike kurudisha kwa kitunda cha b. Kama inaweza kurudisha kwa malkia bila madhara, kafara imepoa. Lakini hapa angalia tena: malkia akitua c3 amesimama kwenye mshazari wa askofu wako wa g7, na ...Nxe4 inamgonga. Wakati mwingine kile kinachoonekana kama jibu zuri la nyeupe ndicho kinachoiharibu.

Uwe na hatua inayofuata mkononi. Qa5 ikigonga c3 na a2, au kitunda cha e4 kikianguka. Bila hatua ya pili, usitoe.

Na jambo ambalo wachezaji wa klabu hawaliamini mpaka waoneshwe: baada ya ...Rxc3 bxc3, ukiwa umepata kitunda cha e4, usiogope kubadilisha malkia. Wengi hudhani kwa kuwa wametoa ngome kwa farasi lazima washambulie mpaka mwisho. Vitunda vya a2, c2 na c3 ni dhaifu mpaka mwisho wa mchezo, na vitunda vyako vya katikati vinatembea pamoja. Nyeusi inaweza kucheza hali hiyo bila malkia kwa utulivu.

Dalili: nyeupe haikucheza Bc4, na wewe ulicheza kama imecheza

Nyeupe inamficha mfalme mara moja, 9.O-O-O, ikiokoa hatua ya askofu. Mchezaji wa Dragon anaendelea ...Bd7, ...Rc8, na baadaye anashangaa mbona yuko nyuma kwa hatua nzima.

Askofu wa c4 hufanya kazi mbili: anatazama f7 na anaizuia ...d5. Kama hayupo, piga 9...d5! hapo hapo. Ikiwa 10.exd5 Nxd5 11.Nxc6 bxc6, nyeupe inaweza kula kitunda: 12.Nxd5 cxd5 13.Qxd5. Jibu ni 13...Qc7!, na ukiiacha ngome ya a8 iliwe, 14.Qxa8 Bf5 inatishia mfalme kwenye c2 na malkia wa a8 kwa pamoja. Inabidi amtoe malkia wake kwa ngome mbili, 15.Qxf8+ Kxf8, na wewe ndiye unayeshambulia. Ndiyo maana wengi hukataa kitunda na kucheza 12.Bd4.

Ukikosa ...d5 hapa, kosa halitaonekana mara moja. Litaonekana hatua ya ishirini, kwenye safu ya h, na utalitafuta huko.

Dalili: nyeupe imemficha mfalme upande mfupi na shambulizi lako limekauka

6.Be2 na O-O. Hakuna mbio hapa. Usitoe ngome c3, usisukume vitunda kwa hasira. Kazi ni kumweka askofu e6, kumpeleka farasi a5 na c4, na kuandaa ...d5 polepole. Anayependa Dragon kwa ajili ya damu huboreka hapa na kufanya makosa. Ni hali nzuri kwa nyeusi, inataka subira tu.

Dalili: injini inakuambia nyeusi iko nyuma kila unapokagua

Ni kweli, na si ugonjwa. Injini, yaani programu za kompyuta za kuchambua michezo, zinaipa nyeupe ubora kwenye Yugoslavia karibu katika kila mstari, na ndiyo sababu moja kubwa wakubwa wa leo huicheza Dragon mara chache. Lakini injini inahesabu kwamba mpinzani wako atapata Nde2 kwenye ubao, saa ikikimbia, huku kitunda kimeshaliwa. Fischer alimvunja Larsen kwa shambulizi hili Portorož mwaka 1958 akiwa na umri wa miaka 15, na nadharia imeongezeka tangu hapo. Hata hivyo mwaka 1995, New York, kwenye mechi ya ubingwa iliyoanza kwa sare nane mfululizo, Kasparov alimtolea Anand Dragon na kushinda mchezo wa 11 na wa 13 akiwa na nyeusi. Anand alikuwa miongoni mwa walioandaliwa vizuri kuliko wote duniani.

Kwa hiyo soma nambari ya injini kwa namna nyingine. Usiulize nyeupe iko mbele kiasi gani. Uliza nyeupe ina hatua ngapi nzuri. Kama mstari una hatua moja tu inayoishikilia nyeupe na nyingine zote zinaipoteza, huo ni mstari wa kuchezea watu. Kama hatua nne tofauti zinaipa nyeupe ubora ule ule, ondoka, tafuta tawi jingine.

Dalili: kumbukumbu inaisha hatua ya 12 na saa inakula nusu ya muda

Chanzo ni kukariri matawi yote: Soltis, Topalov, na ile ya 10...Rb8 inayoitwa Dragon ya Kichina, kwa wakati mmoja. Chagua moja. Kama ni Soltis, jifunze 13.Bg5 na 13.g4 kwa undani na uache mengine yabaki majina. Kisha, kwenye mchezo, unapofika mahali usipopajua, usianze kuhesabu upande wa mfalme wako. Angalia c3 kwanza: nani anailinda, mara ngapi, na hatua ipi ya nyeupe itamwondoa mlinzi mmoja. Hesabu hiyo huchukua sekunde chache na mara nyingi inakupa hatua.

Dalili: hujawahi kufika kwenye Dragon kabisa

2.c3, au 3.Bb5+, au 2.Nc3 ikifuatwa na f4. Wapinzani wa klabu wanajua unachokipenda, nao wanakwepa. Hapa hakuna kilichovunjika. Weka jibu moja kwa kila mmoja: dhidi ya 2.c3 cheza 2...Nf6 au 2...d5, dhidi ya 3.Bb5+ ziba kwa 3...Bd7 na mbadilishane. Dhidi ya f4 mweke askofu g7 kama kawaida, na ukipata nafasi ya...e6 ikifuatwa na ...Nge7, ichukue, kwa sababu farasi wa e7 haizuii njia ya askofu wa g7 na anasaidia kuishika f5, mahali nyeupe inapotaka kuvunjia.